Kushinda Mdahalo Si Kushinda Mchujo

Kila Marekani inapoingia kwenye mchujo wa wagombea urais, watazamaji huzima runinga baada ya mdahalo hukumu ikiwa tayari: fulani kashinda, fulani kaisha. Tuzipime hukumu hizo kwa yaliyotokea.

Wafuasi wameshaamua, mdahalo haubadilishi kitu.
Si kweli, hasa kwenye mchujo. Wote walio jukwaani ni wa chama kimoja, kwa hiyo mtazamaji hana rangi ya chama ya kumwongoza. Anachobaki nacho ni mtu na maneno yake.

Anayemwangusha mwenzake ndiye anayevuna kura.
Si kweli, na hapa ndipo wengi hukosea. Februari 2016, siku tatu kabla ya jimbo la New Hampshire kupiga kura, Chris Christie alimwambia mgombea mwenzake Marco Rubio mdahaloni kwamba anaongea maneno ya kukariri. Rubio akayarudia yale yale. Kura zilipohesabiwa akawa wa tano, lakini Christie aliyempiga alikuwa wa sita, na kesho yake akajitoa. Nafasi ya pili ilikwenda kwa John Kasich, ambaye hakuwamo katika ugomvi huo.

Miaka minne baadaye, katika mdahalo wa Las Vegas, Elizabeth Warren alimbana mgombea mwenzake, bilionea Michael Bloomberg, kuhusu wanawake waliofungwa midomo kwa mikataba ya usiri. Bloomberg alikuwa amemwaga mamia ya mamilioni ya dola kwenye matangazo, ila jibu hakuwa nalo. Alijitoa Machi 4, 2020 na kumuunga mkono Joe Biden. Warren akajitoa siku iliyofuata, baada ya kuwa wa tatu Massachusetts, jimbo lake mwenyewe. Inasikitisha, kwani aliuliza swali lililostahili kuulizwa. Nionavyo, mtazamaji humshangilia anayeshambulia, lakini aliyevunjwa moyo na mgombea wake hamkimbilii aliyemvunja. Hutafuta wa tatu.

Kosa moja humaliza mgombea.
Nusu kweli. Novemba 2011, katika mdahalo huko Michigan, mgombea Rick Perry alitaja wizara mbili kati ya tatu alizotaka kuzifuta, ya tatu ikampotea kabisa. Januari akajitoa. Lakini umaarufu wake ulikuwa umeshashuka wiki nyingi kabla. Kosa lile liliwapa watu picha ya shaka waliyokuwa nayo tayari. Wizara aliyoisahau ilikuwa ya Nishati, na mwaka 2017 alikabidhiwa aiongoze.

Asiyetokea huadhibiwa.
Hutegemea ana nguvu kiasi gani. Donald Trump hakuhudhuria hata mdahalo mmoja wa mchujo wa 2024, na akaibuka mgombea wa chama chake. Ronald Reagan alikwepa mdahalo wa Iowa mwaka 1980, akashindwa huko na George H. W. Bush. Mwezi uliofuata aliulipia mwenyewe mdahalo wa Nashua, jimboni New Hampshire. Mwendeshaji alipoamuru kipaza sauti chake kizimwe, Reagan alimjibu kwa hasira kwamba amekilipia, na ukumbi ukamshangilia. Siku tatu baadaye alimwacha Bush mbali katika kura za jimbo hilo.