AMANA YA MVUVI NA WAJIBU WA BENKI

Lugha yetu ina neno moja, amana, kwa kitu anachokabidhiwa mtu akitunze na kwa fedha ziwekwazo benki. Apokeaye amana amejifunga kuichunga, na kuirejesha mwenyewe anapoidai. Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu wako wananchi wanaodhani kwamba uangalifu wa benki ni hisani ya karani mwenye moyo mwema. La hasha, ni wajibu wa kisheria.

Umuhimu wake waonekana wazi Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Serikali iliposimamisha uvuvi ziwani humo tangu Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana, kaya zinazotegemea dagaa na migebuka zilihitaji akiba ya kuzivusha miezi mitatu. Akiba ya namna hiyo ikipotea, mwenye nayo hana kingine cha kushika.

Msingi wa sheria ni wa zamani. Mwaka 1848, katika shauri la Foley dhidi ya Hill, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kwamba fedha zikishawekwa benki, huwa deni la benki kwa mteja. Kanuni za Uingereza zilizokuwapo Julai 22, 1920 ndizo zilizopokewa katika sheria za Tanganyika. Maana yake ni nyepesi: benki ikimlipa mwizi kwa saini ya kughushi, kwa kawaida imetoa fedha zake yenyewe, na deni lake kwa mteja liko palepale.

Lakini mvuvi wa kijijini mara nyingi haoni jengo la benki. Anachokiona ni meza ya wakala dukani. Fedha zikipungua, wakala husema kosa ni la benki, na benki husema kosa ni la wakala. Mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2013 kuhusu uwakala ulikwisha kukata shauri hili: benki hujibu kwa vitendo vya wakala wake katika kazi aliyomkabidhi. Mwananchi asikubali kuzungushwa kama tiara.

Haki hiyo ina mpaka wake. Julai 2023, katika shauri la Philipp dhidi ya Barclays, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba benki inayotekeleza agizo lililo wazi la mteja mwenyewe haivunji wajibu wake wa uangalifu, hata kama mteja amelaghaiwa na matapeli. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini unatoa onyo. Anayetaja namba yake ya siri kwa sauti asiyoijua katika simu, au kumpa jirani kadi amtolee fedha, anaidhoofisha haki yake kwa mkono wake mwenyewe. Na anayeondoka bila stakabadhi akumbuke: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vijiji na maofisa wa wilaya wasiishie kuwahimiza watu kuweka akiba. Wahakikishe kila wakala anatoa stakabadhi, ameonyesha ada zake waziwazi, na amebandika mahali pa kupeleka malalamiko. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki isikilize malalamiko hayo. Isiporidhisha, mlango wa Benki Kuu uko wazi.

Ndugu zetu wa visiwani nao wasidhani haya ni ya Bara peke yake. Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 inatumika Bara na Zanzibar. Mvuvi wa Ilagala na mvuvi wa Pemba wana dai moja: amana irudi kwa mwenyewe, kamili, siku anayoitaka.