Watoto Watatu wa Caroline

Wanangu, ya leo si ya paukwa pakawa. Haina zimwi wala sungura. Ilitokea kweli, London, karibu miaka mia mbili iliyopita.

Caroline Norton alizaliwa 1808 katika ukoo wa Sheridan. Babu yake, Richard Brinsley Sheridan, alikuwa mtunzi wa tamthilia aliyejulikana Uingereza nzima. Jina walikuwa nalo, fedha hawakuwa nazo. Baba yake alipelekwa na serikali kufanya kazi Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu hili, na huko akafariki mwaka 1817. Binti asiye na mali, enzi zile, ilibidi aolewe mapema. Mwaka 1827, akiwa na miaka kumi na tisa, Caroline akaolewa na George Norton, mwanasheria na mbunge.

Ndoa haikuchukua muda kuharibika. George alikuwa na hasira, na akikasirika alipiga. Caroline naye, nisiwafiche, hakuwa mtu wa kunyamaza. Ulimi wake ulikuwa mkali na sebule yake haikukosa wageni waliokuja kumsikiliza. Alitunga mashairi na riwaya, na malipo yake yakasaidia kuendesha nyumba. Wakazaliwa Fletcher mwaka 1829, Brinsley 1831 na William 1833.

Ilipofika Pasaka ya 1836 mume na mke wakagombana kwa sababu ya safari. Caroline alitaka kuwapeleka watoto kwa kaka yake shamba, na kaka mtu alikuwa amesema wazi kwamba shemeji yake George asikanyage kwake. Caroline akatoka kwenda kwa dada yake kutaka ushauri. Kurudi nyumbani, watoto hawapo. George alikuwa amewapeleka kwa mwanamke wa ukoo wake. Mama akawafuata hadi nyumba ile. Baadaye alisimulia jinsi alivyokaa chini akilia, huku juu ghorofani akisikia vishindo vya miguu yao wakikimbia na kucheza. Hakuruhusiwa kupanda.

Najua mtauliza: kwa nini hakwenda kushtaki? Ashtaki nini? Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mke akishaolewa alihesabika kuwa ndani ya mumewe. Hakuwa na mali yake mwenyewe. Hata fedha za vitabu alivyoandika Caroline zilikuwa za George. Na watoto wa ndoa walikuwa wa baba, basi. Mwaka 1804 baba mmoja, Mfaransa aitwaye De Manneville, alimpokonya mkewe mtoto mchanga wa miezi minane, angali ananyonya. Mama akaenda mahakamani. Majaji wakasema baba ana haki yake, wakamwachia mtoto.

George hakuishia hapo. Juni 1836 alimshtaki Lord Melbourne kwa ugoni, akidai fidia ya pauni 10,000. Melbourne hakuwa mtu mdogo: ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Mji mzima uliisikiliza kesi ile. Mashahidi wengi walikuwa watumishi waliokwisha kuacha kazi kwa akina Norton, na wazee wa baraza la mahakama hawakuhitaji hata kutoka nje kujadiliana. Waliyatupa madai ya George palepale. Lakini angalieni hili. Aliyepakwa matope siku ile ni Caroline, naye hakuwa na nafasi ya kusema neno katika kesi ile. Ilikuwa kesi ya wanaume wawili. Na kwa kuwa ugoni haukuthibitishwa, talaka nayo haikupatikana. Akabaki mke wa George, bila watoto wa George.

Watoto wakapelekwa Scotland, kwa dada yake George. Caroline aliandika kwamba mkubwa alichapwa huko kwa kosa la kusoma barua ya mama yake.

Sasa mama huyu angefanya nini? Alifanya lile alilolijua. Aliandika vijitabu, akavisambaza kwa wabunge, akieleza sheria inavyomtenga mama na mtoto. Kimoja alikitoa 1839 kwa jina la kiume, Pearce Stevenson, ili kisitupwe kabla hakijasomwa. Hakudai usawa wa mwanamke na mwanamume, aliukana waziwazi. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo. Mimi naona alijua anawaandikia wanaume gani.

Mbunge Thomas Noon Talfourd akaibeba hoja bungeni. Mwaka 1838 wabunge waliipitisha, Baraza la Malodi likaikataa. Mwaka 1839 ikapita. Sheria hiyo mpya ilimruhusu mama kuomba mahakamani akae na watoto walio chini ya miaka saba, na kuwaona wale waliozidi umri huo, mradi awe hajapatikana na hatia ya ugoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sheria ya Uingereza kumpa mama aliyeachana na mumewe njia ya namna hiyo.

Na yeye mwenyewe? Sheria ile haikufika Scotland, na watoto wake walikuwa Scotland. Akina mama wengine waliupita mlango alioufungua Caroline, yeye akabaki kumwomba George. Kisha mwaka 1842 William akaanguka kutoka kwenye farasi. Jeraha lilionekana dogo, halafu likaingia sumu. Mama akaitwa. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Baada ya msiba huo ndipo George alipolegeza mkono, na wale wawili wakaanza kukaa na mama yao kwa vipindi.

Caroline aliendelea kuandika juu ya sheria za ndoa, na hoja zake zilisikika tena katika mjadala wa sheria ya talaka ya 1857. George alifariki 1875. Kwa sheria alikuwa bado mumewe. Mwaka 1877 Caroline akaolewa tena, na mwaka huohuo akafariki.

Nyinyi mnaosikiliza mkiwa Tanzania, itazameni Sheria ya Ndoa ya 1971. Inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake, isipokuwa kama itathibitishwa kwamba sivyo. Wapo wazee watakaowaambia kuwa mahari ikishalipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba, na hakimu anatakiwa kuzitazama pia mila za wahusika. Anatakiwa vilevile kuzingatia matakwa ya mtoto mwenyewe, akiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake. Fletcher alikuwa na miaka sita au saba hivi siku walipochukuliwa. Hakuna aliyemuuliza.