Limau ndani ya mashine ya kamari

Katika zoezi la tafsiri nilikutana na maneno ya Kifaransa «machine à sous». Niliandika «mashine ya kamari» nikaona kazi imekwisha. Mwenzangu akaniuliza: mbona ina picha za matunda? Nikamjibu upesi, kama tunavyojibu sisi watu wa isimu tukibanwa: unasibu wa ishara, soma Saussure. Nilikosea.

Mwanzoni matunda hayakuwemo. Mwishoni mwa karne ya 19, fundi Charles Fey, mzaliwa wa Bavaria huko Ujerumani, aliunda mjini San Francisco mashine aliyoiita Liberty Bell, yaani Kengele ya Uhuru. Mchezaji alitumbukiza sarafu, akavuta mkono wa chuma ubavuni, na magurudumu matatu yakazunguka kisha yakasimama moja baada ya jingine. Picha zilikuwa kopa, uru, shupaza, kiatu cha farasi na kengele. Kengele tatu zikijipanga, mashine ilitema sarafu kumi za senti tano. Kila gurudumu lilikuwa na vituo kumi, basi mipangilio ilikuwa 1,000. (Wapenzi wa sintaksia watatambua hapa sentensi ya nafasi tatu, ambayo mara nyingi haina maana.)

Fey hakuuza mashine zake. Alizikodisha kwa wenye baa na kugawana nao mapato nusu kwa nusu, kwa hiyo zilibaki chache. Kampuni ya Mills Novelty ya Chicago ndiyo iliyoiga umbo lake na kulitengeneza kiwandani kwa wingi.

Kisha sheria ikaingilia. Mwaka 1909 San Francisco ilipiga marufuku mashine hizo, na miji mingine nayo ikabana. Watengenezaji wakapata ujanja: mashine ikageuzwa kuwa ya kuuza chingamu. Alama za karata zikatoka, yakaingia malimau, plamu na cheri, yaani ladha za bidhaa. Hata neno BAR tunaloliona mpaka leo lilitokana na lebo ya chingamu hiyo. Ilikuwa kamari iliyovaa nguo za duka.

Chingamu imetoweka, matunda yamebaki. Waingereza bado husema «mashine ya matunda»; Wafaransa wanashikilia «sou», sarafu isiyotumika tena. Mimi nilifuta tafsiri yangu nikaandika «mashine ya sarafu». Mwenzangu bado anabishia matunda yake.