Spika ya kumsikilizisha mtoto Qur'an: tuchague ipi?

Sebule nyingi za Magomeni hazikosi sabufa. Katika nyumba moja tuliyoitembelea baada ya Alasiri, mtoto wa miaka minane alikuwa akihifadhi kwa kumfuatisha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye usomaji wake wa Mus'haf mzima ulirekodiwa mwaka 1961. Mtoto alisoma vizuri, ila kila penye Thaa alitamka Sin. Mama yake alidhani ulimi wa mwanawe ni mzito. Tukamwomba azime sabufa, tukaunganisha spika ndogo ya inchi tatu iliyofungwa katika sanduku la mbao. Aliporudia mara ya tatu, Thaa ikatoka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Sauti ya mwanamume huanzia chini, kwenye mitetemo kama 100 kwa sekunde, lakini herufi kama Sin na Thaa hutambulika zaidi kwa mitetemo ya juu, 4,000 na kuendelea. Sabufa nyingi za bei nafuu huitanguliza besi, na herufi hizo zikafifia. Ndiyo maana tunawashauri wazazi wanaopenda kujitengenezea wenyewe waanze na spika za fulurenji, yaani spika moja inayobeba sauti nzito na nyembamba pamoja, bila kugawana kazi na wufa na twita.

Spika hizo nazo hazilingani. Ya inchi tatu ina koni nyepesi, hutoa herufi kwa uwazi na kuzisambaza chumbani, lakini sauti nzito huipungukia. Hufaa chumba cha kulala au meza ya mwanafunzi. Ya inchi nne, kama Fostex FE103 ya Japani iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960, huongeza uzito wa sauti bila kupoteza uwazi mwingi, nayo yatosha sebule ya kawaida. Ya inchi nane, ambayo mara nyingi huwa na koni ndogo katikati, husikika mbali kwa umeme kidogo. Kasoro yake ni kwamba sauti nyembamba huzielekeza mbele tu, hivyo aliyekaa pembeni huzikosa. Tena hutaka sanduku kubwa.

Ndugu msomaji, usidanganyike na wati zilizoandikwa kwenye boksi. Tazama desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja. Kila desibeli tatu zinazoongezeka ni sawa na kuzidisha wati mara mbili. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 inayopewa wati 5 husikika sawa na ya desibeli 86 inayopewa wati 20. Hakikisha pia omu za spika hazipungui zile ambazo amplifaya yako inaruhusu.

Ukivuka Jangwani kwenda Kariakoo kununua, chukua simu yenye usomaji unaoufahamu. Sikiliza kwa sauti ya chini, kwanza ukiwa mbele ya spika, kisha ubavuni. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya pande zote. Ikikwaruza, iache, kwani koili yake imepinda au imeingiwa na uchafu.

Sanduku nalo lisipuuzwe. Spika iliyo wazi hutoa sauti mbele na nyuma, na sauti nzito za pande hizo mbili huuana. Mwambie seremala atumie plaiwudi nene, azibe kila upenyo kwa gundi, kisha ndani muweke pamba kiasi.

Liko na suala la jirani. Katika maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa mwaka 2022, familia 644 zinaishi ukuta kwa ukuta. Besi hupenya zege na kumwamsha mgonjwa wa upande wa pili, ilhali spika ndogo iliyo karibu na msikilizaji humtosha yeye bila kumuudhi mwingine.

Hata hivyo, spika haichukui nafasi ya ustadhi. Mtoto yule bado anatakiwa kusoma mbele ya mwalimu anayeutazama mdomo wake. Sisi wazazi tuna jukumu dogo zaidi: tusimlaumu mtoto kwa herufi ambayo hatukumwezesha kuisikia.

Wabillahi tawfiq.