"Run" si kukimbia tu

Juma hili nimeletewa swali na mzazi mmoja wa Bariadi. Binti yake yuko kidato cha kwanza. Katika jiografia alikutana na sentensi isemayo "The Simiyu River runs into Lake Victoria". Akaifasiri kwamba Mto Simiyu unakimbia kuingia Ziwa Viktoria. Darasa zima likacheka, na tangu siku hiyo binti hanyooshi mkono. Mzazi anauliza kosa liko wapi, maana kamusi ya nyumbani inasema wazi kuwa "run" ni kukimbia.

Kamusi hiyo haikudanganya, ila iliishia njiani. Wahariri wa kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford walipokipitia upya kitenzi hiki, walifikisha maana 645. Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa nacho miezi tisa. Sasa mtoto aliyesoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari akafunguliwa vitabu vya Kiingereza kwa kila somo, tunamcheka kwa kujua maana moja? Mimi naona waliocheka ndio wa kuulizwa.

Wala tusidhani Waingereza peke yao ndio wana mambo haya. Mfikirie mgeni aliyejifunza kwamba kula ni kutia chakula mdomoni. Siku ya pili anasikia fulani kala rushwa, mwingine kala kiapo, wa tatu kala hasara ya pamba, na babu yule kala chumvi nyingi. Atashangaa tumbo la watu hawa.

Tuje kwenye "run". Kiini chake ni kitu kuwa katika mwendo wake bila kusimama. Miguu ni mfano mmoja tu wa mwendo huo. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, hiyo ilikuwa "run" ya miguu. Maji nayo yana mwendo wake, kwa hiyo Mto Simiyu unatiririka hadi ziwani, au unamwaga maji yake ziwani. Kiangazi mto ukikauka, Mwingereza atasema "has run dry". Injini iliyowashwa inafanya "run" hata kama gari limesimama pale stendi. Basi linalofanya safari za Bariadi na Mwanza kila siku nalo ni "run". Kitenge kikichuja rangi kwenye beseni, hiyo pia ni "run", na mtoto mwenye mafua pua yake ni hivyo hivyo.

Hapa pana jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka. Sisi tunabadili umbo la kitenzi: mashine inakwenda, fundi anaiendesha. Kiingereza hakibadili kitu: "the machine runs", "he runs the machine". Basi mwanafunzi atazame kinachofuata. Kama baada ya "run" kuna duka, kiwanda cha kuchambua pamba, ofisi au mashine, ajaribu kwanza neno kuendesha. Mara nyingi atapatia. Akikuta "run a race" ajue hapo ni kukimbia mbio, maana kila kanuni ina mkaidi wake.

Vijineno vinavyofuata ndivyo vyenye hatari. "Run out of" ni kuishiwa. Muuguzi akisema "we have run out of medicine", dawa zimekwisha. Hakuna aliyekimbilia nje. "Run over" ni kugonga na kukanyaga kwa gari. "Run into" inaweza kuwa kugonga, na inaweza kuwa kukutana na mtu bila kutazamia. Ukipata barua kwamba mtu kafanya "run into" na baba yako sokoni, usianze kulia. Soma mstari unaofuata.

Katika siasa kuna kichekesho. Mgombea wa Marekani hukimbia, yaani "run", lakini mgombea wa Uingereza husimama, "stand". Wote wanataka kiti kile kile. John Cheyo wa UDP, aliyepata kuwa mbunge wa Bariadi Mashariki, aligombea urais mwaka 1995. Kwa Kiswahili chetu aligombea, basi, na kugombea kuna vumbi kuliko yote mawili.

Limebaki la matamshi, na hili linatuhusu hasa sisi wa Usukumani. Sauti ya "r" haikuwa ya Kisukuma, ndiyo maana wazee wengi huitamka "l". Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba "run" ya leo na "ran" ya jana, kwa Mwingereza, zina irabu mbili tofauti, na sisi zote tunazisema kwa "a" moja. Mwanafunzi akisikia "ran" hajui ni leo au jana. Dawa ni kusikiliza neno la wakati lililo karibu, kama "yesterday" au "every day", na katika kuandika asisahau kwamba baada ya "has" na "have" inarudi "run", siyo "ran".

Mzazi huyo ameuliza pia juu ya "get". Hiyo itahitaji juma zima, nitaishika kipindi kijacho.