Kompyuta Nyumbani, Sehemu ya Tatu: Moto Usiokuwapo

Mwalimu mmoja mstaafu wa Msambweni, aliyenisomesha hesabu nikiwa mdogo, alinipigia simu mwezi uliopita kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari za msiba. Laptopu yake, alisema, imeingiliwa. Siku ya pili nilipanda matatu Ukunda nikateremka kwake, nikaikuta juu ya kabati, imeviringishwa leso. Ilikuwa na siku kumi na mbili haijaguswa. Ndani yake mlikuwa na hesabu za ujenzi wa msikiti, maana yeye ndiye mweka hazina, na picha za harusi ya bintiye.

"Mwanangu, ina virusi vitano," akaniambia. "Imenitajia mpaka majina yao. Na imejua nilipo."

Nikamwomba anieleze alichokiona. Skrini nzima iligeuka buluu, king'ora kikaanza kulia, na sauti ya mwanamke ikasema kwa Kiingereza kuwa kompyuta imefungwa kwa usalama wake, asiizime, apige simu kwa mafundi mara moja. Nambari ya simu ilianza na +1. Chini yake paliandikwa mji: Mombasa. Mwalimu alijaribu kuuondoa ujumbe ule, haukuondoka. Kilichomwokoa ni kwamba simu yake haikuwa na salio la kupiga ng'ambo. Akaifunga laptopu, akaipandisha kabatini, kisha akamgombeza mjukuu wake, aliyekuwa ameitumia usiku uliotangulia kutazama mpira.

Niliikagua laptopu ile kwa muda wa saa mbili. Haikuwa na kirusi hata kimoja.

Nataka msomaji alielewe jambo hili vizuri, kwa sababu akilielewa hofu nusu yake hupungua. Alichokiona mwalimu si kompyuta iliyosema. Ni ukurasa wa mtandao, sawa na ukurasa wa gazeti au wa tangazo la nyumba ya kupanga. Kivinjari, yaani ile programu tunayofungulia mtandao, huufungia kila ukurasa katika chumba chake. Humo ndani ukurasa unaweza kuchora, kupiga sauti na hata kujitanua ukajaza skrini yote. Hauwezi kutoka chumbani ukapekua mafaili yako ukahesabu virusi. Ule mstari unaojaa polepole, asilimia 20, 60, 100, ni mchoro tu. Ukurasa ule ule ukifunguliwa Diani au Oslo, virusi ni vile vile vitano, kwa majina yale yale.

Basi ukurasa ule uliujuaje mji? Kila kompyuta inayofungua ukurasa hutoa anwani yake ya mtandao, kama mtu anayeandika anwani ya kujibiwa nyuma ya bahasha. Kuna majedwali yanayoonyesha anwani fulani ni ya nchi gani na ya mji gani, na mara nyingi mji unaotajwa ni ule ilipo mitambo ya kampuni ya intaneti, si ulipo wewe. Ndiyo maana mwalimu aliambiwa yuko Mombasa, naye ameketi Msambweni, zaidi ya kilomita 50 kusini. Lau wenye ukurasa ule wangekuwa wameingia kweli wangeikuta Msambweni imeandikwa juu ya kila karatasi ya hesabu za msikiti.

Sisi wa pwani ya kusini tunajua moto ni nini kwa paa la makuti. Mtu akipiga ukelele wa moto usiku nje ya nyumba ya makuti, hakuna anayeuliza moshi uko wapi; watu hutoka mbio na mlango hubaki wazi. Mwizi anayelijua hilo hana haja ya kuvunja kufuli. Matapeli hawa kazi yao ni kupiga ukelele.

Mbinu ya kumtoza mtu pesa kwa hofu ya kompyuta ni ya zamani, na mmoja wa waasisi wake alipita hapa kwetu. Mnamo Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda nchi mbalimbali, zikidai kuwa na maelezo kuhusu ukimwi. Aliyezitengeneza ni Joseph Popp, Mmarekani msomi wa biolojia aliyefanya utafiti wa nyani Afrika Mashariki na kufanya kazi Kenya. Mtu akishaiweka disketi ile, kompyuta ilihesabu kimya kimya kila inapowashwa. Ilipofika mara ya 90 ilificha mafaili na kuyavuruga majina yake, kisha ikamdai mwenyewe dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta Panama. Popp alikamatwa baada ya kushikwa na wasiwasi mbele za watu kwenye uwanja wa ndege wa Amsterdam, akitoka Nairobi. Mahakama ya Uingereza ilimwona hana afya ya akili ya kusimama kizimbani.

Naikumbusha habari hii kwa sababu ya tofauti moja. Popp ilimbidi aiharibu kompyuta kweli ndipo aombe pesa. Waliomfuata waligundua kuwa kazi hiyo yote si lazima: inatosha kusema imeharibika. Kampuni moja, Innovative Marketing, iliwauzia watu zaidi ya milioni moja programu za kutibu maradhi yasiyokuwapo, hadi Tume ya Biashara ya Marekani ilipoishtaki mwaka 2008. Mwaka 2012 mahakama ilimtoza mmoja wa washirika dola milioni 163. Biashara haikuisha. Machi 2024 kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 kwa kosa la kuwatisha watu kwa maonyo yaliyojifanya ya Windows.

Siku hizi pesa huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni simu. Ukipiga ile nambari, mtu mpole anayejiita fundi atakuomba uweke programu ya kumwezesha kuiendesha kompyuta yako akiwa mbali. Ukishairuhusu, sasa ndipo anaingia ndani. Atakufungulia daftari ambalo Windows huandikia kila tukio, lenye alama nyekundu na za manjano kwa mamia, na kukuambia hayo ndiyo maradhi. Daftari hilo lina alama nyekundu katika kila kompyuta iliyo nzima. Hata hii ninayoandikia makala haya inazo. Kisha atataja bei, na huku mazungumzo yakiendelea anaweza kunakili manenosiri yako au kuacha mlango wa kurudia.

Njia ya pili haina simu, na nadhani ndiyo iliyoenea zaidi nyumbani kwetu. Ni vile visanduku vidogo vinavyochomoza pembeni mwa skrini, chini kulia, vikisema kinga yako ya virusi imekwisha muda. Mara nyingi ukivibofya unapelekwa kwenye duka la kinga halisi ya kampuni halisi, na ukinunua, aliyekutisha anapata kamisheni ya udalali. Ndiyo sababu watu wengi huvipa imani: wamelipa, wakapata bidhaa ya kweli, wala hawajui kwamba walitishwa.

Visanduku hivyo huingiaje? Kwa hodi. Tangu mwaka 2015 vivinjari huruhusu tovuti kukutumia arifa hata ukiwa umeiacha, mradi umekubali. Kijana anatafuta mechi ya bure, au filamu, au karatasi za mitihani ya zamani. Ukurasa unamwambia abofye kitufe cha kuruhusu ili kuthibitisha kuwa yeye si roboti. Anabofya, mechi inafunguka, anasahau. Yule mgeni alibisha hodi mara moja akaambiwa karibu, na tangu hapo huingia kila saa bila kubisha. Katika laptopu ya mwalimu nilikuta wageni kumi na mmoja wa namna hiyo. Hawakuletwa wote na mjukuu. Watatu walikuwa wamekaribishwa kabla ya yule mtoto kuja kuishi Msambweni. Nilimwambia mwalimu hivyo waziwazi, kwa kuwa mtoto alikuwa amegombezwa.

Sasa dawa yenyewe. Skrini ikijaa na king'ora kulia, usibofye chochote kilichomo, hata alama ya kufungia iliyochorwa humo, maana nayo ni sehemu ya mchoro. Bonyeza kitufe cha Esc juu ya kibodi na ukishikilie sekunde chache; ukurasa utanywea. Kisha bonyeza Alt pamoja na F4. Ikikataa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utaona orodha ya programu zinazoendelea. Chagua kivinjari, ukikomeshe. Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Wamekukataza kuizima kwa kuwa wanajua kuizima kunawamaliza. Ukiiwasha tena, kivinjari kikiuliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Visanduku vya pembeni hufukuzwa kwingine. Katika Chrome, ingia kwenye mipangilio, kisha faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, kisha arifa. Utaona majina ya wote uliowakaribisha. Ondoa kila usiyemjua, na wakati uko hapo zuia tovuti zisiombe ruhusa hiyo tena. Edge na Firefox zina sehemu kama hiyo.

Si kila onyo ni la uongo, na singependa mtu aanze kuyapuuza yote. Windows ya miaka hii ina kinga yake yenyewe, ambayo utaifikia kwa alama ya ngao. Onyo la kweli utalikuta humo ukiifungua mwenyewe, halina king'ora, halina nambari ya simu. Pia ni kweli kwamba Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mitumba tunazonunua hutumia hiyo. Hilo litazameni, lakini kwa fundi mnayemjua.

Kama ulikwisha kupiga simu na kumruhusu mtu, katisha intaneti kwanza. Ondoa programu aliyokuwekesha, ukague kompyuta yote kwa kinga ya Windows, na ubadilishe manenosiri ukitumia kifaa kingine, kuanzia barua pepe na benki. Kama ulitaja PIN ya M-Pesa, ibadilishe saa hiyo hiyo na uwaarifu watoa huduma. Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao, kifungu cha 30, inamtoza anayehadaa watu watoe siri zao faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Ripoti hupokelewa na kitengo cha dharura za mtandao cha Mamlaka ya Mawasiliano. Ripoti hata kama umeona haya. Wengi walioibiwa hawasemi, hasa wazee wetu, na ukimya huo huwaacha matapeli wakirudia ukelele ule ule nyumba ya pili.

Nilipomaliza, mwalimu alimwita mjukuu wake, akamwambia aketi karibu yake. Alitaka nilifungue tena onyo lile ili alifunge kwa mkono wake. Sikukubali kulitafuta, bali nilijaza skrini kwa ukurasa mwingine, naye akashikilia Esc mpaka ukanywea, kisha mtoto naye akafanya. Halafu akafungua hesabu za msikiti na kuanza kuandika mifuko ya saruji iliyonunuliwa tangu laptopu ipandishwe kabatini, mjukuu akimsomea risiti moja moja.