Ukivuka ziwa na familia, jaketi kwanza mzigo baadaye

Wafanyabiashara wanaovuka Ziwa Tanganyika kwa boti kati ya Kigoma, Kalemie, Uvira na Bujumbura mara nyingi husafiri na watoto juu ya mizigo. Safari hiyo inahitaji maandalizi.

Kwanza, kila abiria awe na jaketi la kuokoa maisha. Mtoto apewe la saizi yake, kwani la mtu mzima humchomoka akiingia majini. Livaliwe na kufungwa kabla ya kuondoka. Jaketi lililo chini ya magunia halimsaidii mtu boti inapopinduka.

Pili, uzito. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimezidisha abiria, kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Watu zaidi ya 220 walikufa. Mizigo mizito ikae chini, katikati ya boti.

Tatu, ulizia hali ya upepo. Beba filimbi, tochi, ndoo ya kuchotea maji na simu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Jamaa wa nchi kavu ajue jina la boti na saa ya kufika.

Boti ikikosa jaketi za watoto, usiwapandishe. Subirini nyingine.